Kipimo Kisichojulikana Asili Yake

Mwanafunzi wa sayansi hufundishwa kujaza kila mstari wa jedwali lake la vipimo, na mstari mtupu huhesabiwa kuwa uvivu. Mafundisho hayo yana upungufu, nao waonekana wazi katika jambo lililo mbali na maabara ya shule: namna kompyuta mbili zinavyopelekeana habari.

Habari hukatwa vipande viitwavyo pakiti, na kila pakiti inapofika mpokeaji hurudisha stakabadhi. Mtumaji haoni yanayotokea njiani. Hupima tu muda wa kwenda na kurudi, akafanya wastani, kisha akaamua angoje kiasi gani kabla ya kutuma tena. Muda huo haukadiriwi mara moja ukaachwa. Kwa setilaiti iliyo juu yapata kilometa 36,000 safari huchukua karibu nusu sekunde, na kwa waya wa chini ya bahari huweza kuwa fupi zaidi. Mtumaji akingoja mno, kazi hulala. Akiwa na pupa, hujaza njia nakala zisizohitajiwa. Oktoba 1986, huko California, mwendo wa habari baina ya Maabara ya Lawrence Berkeley na Chuo Kikuu cha Berkeley, umbali usiofika nusu kilometa, ulianguka kutoka biti 32,000 hadi biti 40 kwa sekunde. Pupa ya namna hiyo ilikuwa mojawapo ya sababu.

Basi mtumaji amengoja sekunde 2, hakuna stakabadhi, akatuma nakala; nusu sekunde baadaye stakabadhi ikawasili. Je, ni ya pakiti ya kwanza, yaani safari ya sekunde 2.5, au ni ya nakala, yaani safari ya nusu sekunde? Stakabadhi yenyewe haisemi. Mwaka 1987 Phil Karn na Craig Partridge wa Marekani walieleza jibu: kipimo hicho kitupwe. Karn, mpenzi wa redio, alizoea kupeleka pakiti hewani, ambako nyingi hupotea.

Lakini kutupa peke yake hakutoshi. Ikiwa kweli safari imekuwa ya sekunde 2.5, kila pakiti itarudiwa ifikapo sekunde ya 2, kila kipimo kitatupwa, na mtumaji hatajifunza lolote daima. Kwa hiyo muda wa kungoja huongezwa maradufu kila anaporudia kutuma, na muda huo mrefu haupunguzwi mpaka pakiti moja ijibiwe bila kurudiwa. Akingoja sekunde 4, stakabadhi ya sekunde 2.5 humkuta bado ametulia, naye hupata kipimo halali.

Wapo watakaosema kwamba kutupa vipimo ni kumfungulia mwanafunzi mlango wa udanganyifu. Hofu hiyo ina haki yake, ila yakosea shabaha. Mtumaji hatupi kipimo kwa kuwa hakimpendezi. Sharti la kukataa liliwekwa kabla hakijaja, nalo halitazami ukubwa wake. Baadaye itifaki ya QUIC, iliyosanifishwa mwaka 2021, iliondoa utata huo kwa kuipa kila nakala namba yake, ingawa kanuni ya TCP ya mwaka 2011 bado yaamuru vipimo vyenye shaka viachwe, isipokuwa pakiti zikiwa na alama za saa.

Jedwali la maabara lingeweza kuongezewa sehemu moja, ya sababu za kukataa kipimo, ijazwe kabla jaribio halijaanza.