Picha ukutani kwa Bibi

Bibi yangu anaishi Kerege na mama mdogo. Kumbukumbu zake zinapotea. Sikukuu ya Idi aliniuliza mara tatu mimi ni mtoto wa nani, yeye ambaye zamani aliniita "mke mwenza" hata kabla sijavua viatu.

Nilitaka kumnunulia picha ya ukutani. Rafiki yangu akanionyesha mtandaoni picha za Kijapani zinazokumbusha maisha ya zamani: duka la mtaani, watoto njiani, treni ya kijijini. Ni nzuri, na zinakuja na fremu. Lakini zitamkumbusha Bibi nini?

Nikaenda Bagamoyo mjini, kwenye wachoraji wengi na chuo cha TaSUBa. Picha nyingi nilizoziona ni za Tingatinga, mtindo ulioanzishwa Dar es Salaam miaka ya 1960 na Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru. Tembo, twiga, ndege. Bibi hakukulia na twiga. Nikamwomba mchoraji mmoja anichoree wanawake wawili wamesimama baharini wakivua uduvi kwa kitambaa, kazi aliyoifanya Bibi ujanani.

Tulipoitundika, Bibi aliitazama kimya. Kisha akasema, "Huyu wa kushoto hajui. Kitambaa hakishikwi juu hivyo, uduvi wote watakimbia." Akatueleza namna ya kukishika, akawataja wenzake wa wakati ule mmoja mmoja. Mama mdogo alikuwa hajawahi kuyasikia majina yale.

Baada ya chai akaniuliza tena mimi ni nani.

Sitakudanganya, msomaji. Picha haiponyi. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2021 watu milioni 57 duniani walikuwa wakiishi na ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu, na hadi sasa hauna tiba ya kuumaliza. Si uchawi, wala si uzee tu. Mzee akianza kusahau mambo ya jana au kupotea njia anayoijua, mpeleke hospitali. Wakati mwingine chanzo ni kitu kinachotibika, kama upungufu wa vitamini B12 au tatizo la tezi ya shingo.

Hata hivyo, mambo ya zamani mara nyingi hukaa kichwani kuliko ya leo, na kuyazungumza humchangamsha mgonjwa. Ukinunua picha, chagua ya maisha aliyoyaishi yeye, siyo inayokupendeza wewe. Iwe kubwa, yenye rangi zinazoachana. Itundike usawa wa macho yake akiwa ameketi. Fremu isiwe na kioo kinachong'aa, macho ya wazee yanasumbuliwa na mwanga. Na usimfanyie mtihani wa "unamkumbuka huyu?" Kaa naye, muache aanze mwenyewe.

Mimi nilimjibu Bibi kwamba ni mke mwenza wake. Akacheka sana.

Tukutane wiki ijayo.