Wino Ndio Unaojibu

Ukipanda taksi ya Jinja kwenda Mbale, mazungumzo yakaangukia kansa ya matiti, utasikia maneno yaleyale yanayosemwa wodini. Mengine yamemfanya mwanamke akae nyumbani na uvimbe hadi ukapasuka, ndiyo maana siwezi kuyaacha yapite.

Wanasema kansa ikiguswa na kisu inasambaa. Sivyo. Wagonjwa wetu wengi hufika hospitali uvimbe umeshakua, na mara nyingi kansa imeshasafiri mwilini. Mauti yakifuata, kisu ndicho kinacholaumiwa, na ile miezi ya kungoja haitajwi.

Wanasema titi lisipoondolewa lote, kansa imeachwa humo. Hili limepimwa. Daktari wa upasuaji Umberto Veronesi alianza utafiti wake Milan, Italia, mwaka 1973, Bernard Fisher akaanza wake Marekani mwaka 1976. Matokeo ya miaka 20 ya wote wawili yalitoka 2002: waliohifadhiwa titi na waliokatwa lote waliishi sawa. Ila titi linalobaki linadai mionzi. Kwa Fisher, wanawake walioondolewa uvimbe, ukingo wa nyama iliyotolewa ukiwa safi, yaani bila kansa, lakini wakakosa mionzi, kansa iliwarudia kwenye titi lilelile takriban 39 kati ya 100. Waliopata mionzi, 14. Kwa hiyo mama wa Mbale anayechagua kukatwa titi lote simlaumu hata kidogo. Mionzi kwake ni Kampala, zaidi ya kilomita 200, kila siku ya kazi kwa wiki tatu hadi tano, na nauli na malazi juu yake. Mwaka 2016 mashine pekee ya mionzi nchini Uganda, pale hospitali ya Mulago, iliharibika. Nyingine ilizinduliwa Januari 2018. Aliyehifadhiwa titi mwezi mmoja kabla ya ile ya kwanza kuharibika angekimbilia wapi? Habari ya mionzi izungumzwe kabla ya kisu.

Neno linaloniuma zaidi ni hili: "Daktari ameitoa yote, ameona kwa macho yake." Macho na vidole vya daktari hodari hutambua uvimbe, lakini si seli. Inayojibu ni nyama yenyewe iliyotolewa, ikitunzwa. Kabla haijaondoka theatre hutiwa nyuzi mbili: kwa kawaida fupi upande wa juu, ndefu upande wa kwapa. Kisha hutumbukizwa kwenye formalini, dawa ya kuihifadhi, mara kumi ya ukubwa wake, ndani ya saa moja. Maabarani, mtaalamu wa patholojia huipaka wino nje pande zote, huikata slesi kama mkate, halafu hutazama kwa hadubini kama kansa imeugusa ule wino. Ikiugusa, ukingo si safi. Nyama isiyo na uzi haina juu wala chini, hata wino ukisema kuna kilichobaki, daktari hajui arudi upande gani. Iliyobanwa kwenye kichupa chenye formalini kidogo huharibikia katikati. Ndugu wa mgonjwa anayekabidhiwa kichupa akipeleke Kampala ana haki ya kuuliza: nyuzi zipo? Dawa imeifunika? Fomu imeandikwa titi la kulia au la kushoto?

Wapo wanaotaka ukingo mpana, eti ndio usalama. Hata madaktari waliamini hivyo miaka mingi. Mwongozo wa Marekani wa 2014, uliotokana na tafiti 33 zenye wagonjwa 28,162, ulisema kwa kansa iliyopenya, mgonjwa akipata mionzi, inatosha wino usiguswe. Kwa ile ambayo bado imo ndani ya mifereji ya maziwa, mwongozo wa 2016 ulitaja milimita 2.

Na kuitwa tena theatre? Watu husema daktari alikosea. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, uliochapishwa 2015, wa wagonjwa 235, ulikuta ukingo usio safi kwa 34 kati ya 100. Pale daktari alipochonga nyama kidogo zaidi kuzunguka shimo, wakashuka hadi 19. Hiyo ni hospitali yenye kila kitu. Dada, ukipigiwa simu urudi Jinja kwa sababu ya ukingo, nenda: kuna mtu ameisoma nyama yako.