Kipanya Hakina Kosa Mpaka Kijaribiwe

Mwanafunzi akibonyeza kitufe cha kipanya na kompyuta ikakawia kuitika, neno la kwanza kumtoka ni hili: "Kipanya kibovu, kitupwe!" Maoni yangu ni kwamba hukumu hiyo hutolewa kabla ya ushahidi. Wahenga walisema, mbaazi ukikosa maua husingizia jua.

Kipanya ni tarishi tu. Cha kwanza kilitengenezwa Marekani mwaka 1964 na Douglas Engelbart na Bill English, nacho kilikuwa cha mti, chenye kitufe kimoja. Kazi yake ni ile ile hata leo: kidole kikibonyeza, vyuma viwili vidogo hugusana ndani, na habari ikaenda kwenye kompyuta. Tarishi akifika upesi akamkuta mwenye nyumba amezidiwa na kazi, je, ni haki kumpiga tarishi?

Basi tujaribu kwanza. Acha kipanya, utumie kibodi. Ikiwa nayo hukawia kuitikiwa, kompyuta ndiyo iliyolemewa. Kisha chomeka kipanya hicho katika kompyuta nyingine. Ugonjwa ukikifuata, ni wake. Ukibaki nyuma, tafuta huko huko.

Ugonjwa ukiwa wa kipanya, tazama waya kama umekatika ndani, au betri kama imechoka. Tukumbuke pia kwamba sisi tu watu wa pwani: hewa ya chumvi na unyevu hula vyuma, na kitufe kilichoingiwa na kutu hubonyezwa mara moja kikaitika mara mbili, au kisiitike kabisa. Kifunike kazi ikiisha.

Ukiwa wa kompyuta, funga programu zisizo na kazi, tazama kama diski imejaa, uizime na kuiwasha upya. Tazama pia mpango wa kubana umeme, kwani huweza kukilaza kipanya kikawa kizito kuamka.

Jambo hili si dogo kwetu. Mocímboa da Praia ilishambuliwa Oktoba 2017, na Palma Machi 2021. Shule zilifungwa, watu wakahama makwao. Masomo yaliyopotea hayarudi kwa urahisi. Penye kompyuta chache na wanafunzi wengi, kila dakika ni mali, na kila fedha itumikayo ovyo ni kitabu kilichokosa kununuliwa.

Kwa hiyo nashauri kila chumba cha kompyuta kiwe na daftari: yaandikwe tarehe, kasoro, na majaribio yaliyofanywa. Pasinunuliwe kipanya kipya pasipo maandishi hayo. Nanyi kaka zetu mliotutangulia, mkipenda kutusaidia, ombeni kwanza kulisoma daftari. Pengine mtaona kwamba tunachohitaji si kipanya, bali kumbukumbu ya kuongeza nguvu za kompyuta ile ile, na msaada wenu utafika mahali penye maumivu.