Lusangi: politiki ya ulinzi wa mtoto isomwe kwa Kiswahili, mbele ya watoto

Wenzetu wa Kasongo, wa Kabambare, na ninyi mulio Kindu ao mbali zaidi,

Kila shirika linalofika Lusangi kwa kazi ya watoto linasema lina politiki ya ulinzi wa mtoto. Na ni kweli, linayo, kwa sababu mfadhili hatoi franga pasipo karatasi ile. Tunazijua karatasi hizo. Sisi wenye diploma bila kazi njo tunaoitwa kuzipiga kwenye kompyuta kwa bei ya chakula cha siku mbili. Ni Kifaransa kitupu, kurasa 20 ao 30, na mara nyingine jina la shirika lingine limebakia chini ya ukurasa, maana mwenye kunakili hakusoma alichonakili. Inatiwa sahihi, inapigwa kashe, inaingia katika droo.

Swali letu ni moja. Mtoto wa miaka kumi, aliyekimbia vita upande wa Salamabila na sasa anacheza katika uwanja wa shirika hilo, akiguswa vibaya na mtu wa shirika, ataenda kwa nani? Kama yeye hajui, politiki bado haipo.

Musituambie kwamba tunatafuta makosa. Mashariki mwa nchi yetu imekwisha kuonekana. Tarehe 9 Oktoba 2003, Kofi Annan alitia sahihi amri iliyokataza watumishi wa Umoja wa Mataifa kulala na mtu wa chini ya miaka 18, na kutoa franga, kazi ao chakula kwa kupata mwili wa mtu. Karatasi nzuri, bila shaka. Mwaka uliofuata, 2004, Bunia ikajulikana dunia nzima juu ya wasichana wadogo walioitwa na askari wa MONUC kwa chakula ao dola chache.

Kisha ikaja Ebola, Kivu ya Kaskazini na Ituri, kati ya 2018 na 2020. Safari hii walikuwa watu wa afya, wenye magari meupe na vesti. Septemba 2020 waandishi wa habari walichapisha ushuhuda wa wanawake zaidi ya 50 wa Beni. Tume ikaundwa, mmoja wa wakubwa wake akiwa mama Julienne Lusenge, Mkongomani mwenzetu. Septemba 2021 ikatoa ripoti: watu 83 walishitakiwa, kati yao 21 walikuwa wameajiriwa na OMS. Katika walioongea na tume kulikuwa na msichana mdogo aliyekuwa akiuza uniti za telefone kando ya barabara, Mangina. Shofere alisimamisha gari, akasema atampeleka nyumbani. Akampeleka hoteli.

Jambo moja katika ripoti ile linatuuma kuliko mengine. Kuko mashitaka ambayo hayakufunguliwa uchunguzi kwa sababu mwanamke hakuhesabiwa kuwa "mfaidika" wa shirika, yaani hakuwa amepokea msaada wake. Neno moja tu katika kanuni, na mlango ukafungwa. Njo maana tunasema kuandika politiki si kazi ya kunakili. Mtoto anayeuza ndizi mbele ya biro, mtoto wa mlinzi, mtoto anayepita tu kuchota maji, wote wanapaswa kuingia ndani ya neno "mtoto" la shirika, hata kama jina lao halimo katika orodha ya mradi.

Sheria haikosi. Katiba ya 2006, kifungu cha 41, inakataza kutesa watoto, kuwatumia kimapenzi na kuwasingizia uchawi. Sheria ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 Januari 2009 inampa aliyebaka mtoto miaka 7 mpaka 20 ya gereza. Kinachokosa ni njia ya kutoka kinywani mwa mtoto mpaka kwa sheria hiyo, na njia hiyo njo politiki inapaswa kuichora.

Kwanza lugha. Kiswahili kiko Kasongo tangu siku za Tippu Tip, kabla Wabelgiji hawajaja, na bado mtu anatuletea kanuni za watoto wetu kwa lugha ambayo mama zao hawasomi! Ukurasa mmoja kwa Kiswahili unatosha, ubandikwe ukutani, chini, pale macho ya mtoto yanafika. Na usomwe kwa sauti, kwa sababu si wote wanajua kusoma.

Kisha majina ya watu wawili wa kupokea neno la mtoto. Mmoja awe mwanamke. Mmoja asiwe mtumishi wa shirika wala ndugu ya chefu wa mradi, kwa maana hakuna anayemshitaki mwenye kumlisha. Watu hao wajue hesabu ya saa 72: dawa ya kuzuia virusi vya ukimwi baada ya kubakwa inapaswa kuanza ndani ya muda huo. Ninyi munajua barabara zetu wakati wa mvua. Na munajua desturi ingine: wazee wanakaa, wanaongea, baba anapewa mbuzi, juma linapita. Mbuzi amekwisha kuliwa na saa 72 zimekwisha zamani. Shirika liandike wazi kwamba halitaingia katika mapatano ya namna ile, na liseme tangu mbele nani atalipa pikipiki ya kumfikisha mtoto hospitali.

Habari ya pikipiki: animateri asimbebe mtoto peke yake. Asikae naye katika nyumba iliyofungwa. Na picha zile za watoto wakimbizi, uso wazi, jina chini, kambi imetajwa, halafu zinatupwa Facebook ili mfadhili afurahi, ziishe. Mtoto aliyetoka katika kundi la silaha anaweza kutafutwa kwa picha ile.

Sasa tuongee juu ya kazi, na hapa ni sisi wenyewe. Mradi ukifika, jamii nzima inatuma barua, na mwenye kushika orodha ya kuajiri anakuwa mfalme. Beni, wanawake walisema kazi ilikuwa na bei, na bei ilikuwa mwili wao. Aliyeingia kwa mlango ule, siku akimuona mkubwa wake anamwita msichana nyuma ya biro, atasema nini? Mkataba wake ni wa miezi mitatu. Politiki iandike: aliyesema kwa nia njema hafukuzwi, hata kama uchunguzi haukupata ushahidi.

Tunataka pia kila anayeajiriwa aulizwe alitoka wapi. Tangu 2019 kuko mpango ambamo mashirika makubwa ya kimataifa yanaulizana juu ya mtu aliyefukuzwa kwa makosa ya namna hii. Mashirika yetu madogo hayaulizani. Mtu akifukuzwa Kindu leo, nini inamkataza kuanza Kabambare mwezi kesho? Tunajua masharti hayo yatatugusa sisi. Kijana ambaye hajafanya kazi hata siku moja atatoa wapi barua ya mwajiri wa zamani? Basi waulizwe watu wawili wasio wa ukoo wake, mwalimu wake ao kiongozi wa mtaa, na karatasi ya kortini ilipwe na shirika. Tutapanga mstari tuulizwe. Afadhali vile kuliko kumfungulia mlango kila mwenye diploma.

Na mouvement yetu haitoki nje ya jambo hili. Siku ya salongo wanafunzi wanatufuata, siku ya maandamano pia. Kuanzia leo, kwetu, wa chini ya miaka 18 haingii katika maandamano, na picha yake haiwekwi hapa.

Mbele ya masomo kufunguliwa Septemba, wenzetu watapita biro kwa biro, Lusangi, Kasongo na Kabambare, kwa mashirika, shule na makanisa na misikiti yenye kazi ya watoto. Wataomba vitu viwili: ukurasa ule kwa Kiswahili, na majina ya watu wawili. Jibu la kila nyumba litaandikwa hapa, hata kama jibu ni kwamba chefu yuko safarini na ufunguo wa droo.