"Ati Hiyo Nayo ni Kazi?"

Huko Galula, katika bonde la mto Songwe, bara ya Tanzania, miamba imehifadhi mifupa ya wanyama waliotoweka dahari nyingi zilizopita. Mwaka 2017 mnyama mmoja wa bonde hilo alitangazwa ulimwenguni kwa jina la Shingopana. Hicho ni Kiswahili chetu, shingo pana! Aliyetangulia katika kuandika habari zake ni Eric Gorscak, wakati huo mtafiti wa Field Museum, Chicago. Huyo hatumlaumu, twamshukuru. Lawama yetu ni juu ya wazazi wa hapa pwani. Mwana akisema ataka kusomea viumbe, achunguze miti na ndege wa mji wake na kuwasomesha vijana, humcheka: "Ati hiyo nayo ni kazi? Wenzako wenda Ghuba, wewe wenda kuhesabu majongoo?"

Haya, na tuwatazame hao majongoo. Bamburi, Mombasa, kiwanda cha saruji kilichimba mawe ya matumbawe hata pakabaki jangwa jeupe. Mwaka 1971 René Haller, Mswisi aliyesomea kilimo, akajaribu miti ya aina 26. Mvinje ukashika, lakini majani yake yalianguka yakakaa vivyo hivyo, hayaozi. Haller akamwona jongoo mwenye miguu myekundu akiyala. Akaleta wengine wengi, nao wakayageuza udongo. Msitu ukasimama, ndege wakaja wenyewe, na mwaka 1984 pakafunguliwa kwa watu. Wanafunzi wangapi wamepita pale! Na yote hayo yalianza kwa mtu asiyeona haya kuinama amtazame jongoo.

Watasema mshahara wa mwalimu ni mdogo. Ni mdogo, hatubishi. Lakini mzazi huyo huyo asubuhi huwatupia mawe kunguru. Kunguru hao waliletwa Unguja kutoka Bara Hindi mwishoni mwa karne ya 19, ati wale takataka. Wakaenea pwani nzima, wakala mayai na makinda ya ndege wetu. Wawekewa sumu, wafa, kisha wazaliana tena kwa sababu jaa li wazi. Hapo mtafiti asiyesomesha hafai kitu, kwani karatasi yake haifuniki jaa. Na mwalimu asiyemjua kunguru atasomesha nini? Yatakiwa elimu zote mbili kwa mtu mmoja, naye awe mwana wa mtaa, ajuaye jaa lipo nyuma ya nyumba ya nani.

Mtu huyo ndiye mliyemcheka juzi barazani.