Wafaransa wa Kanada na Amana ya Majina

Mwacha asili ni mtumwa, walinena wahenga. Lakini mtu ataishikaje asili asiyoijua? Na asili haijulikani ila kwa majina.

Nayasema haya baada ya kusoma habari za Wafaransa waliohamia Kanada, wale waliouanzisha mji wa Quebec mwaka 1608. Wengi walikuwa watu wa hali ya chini: wakulima, mafundi na askari. Hata hivyo, vizukuu vyao leo huzifuata nasaba zao hadi kwa babu wa kumi bila ya kubahatisha. Nikajiuliza, wao waliwezaje, na sisi tujigambao kwa nasaba twashindwa?

Siri ya kwanza ni vitabu. Padri aliandika kila ubatizo, ndoa na maziko. Sheria ya Ufaransa ya mwaka 1667 ilidai nakala mbili, moja ibaki kanisani, nyengine iwekwe mahakamani. Moja ikiungua, ya pili ipo. Ni kwa vitabu hivyo padri Cyprien Tanguay alitunga kamusi ya nasaba yenye juzuu 7, zilizotoka kati ya 1871 na 1890.

Siri ya pili ni lakabu. Askari wa Kifaransa aghalabu alikuwa na jina la vita: Lafleur, yaani Ua, au Sansoucy, yaani Bila Wasiwasi. Kikosi cha Carignan-Salières kilifika Quebec mwaka 1665, na mamia ya askari wake wakabaki, wakaoa, wakazaa. Karani hakulifuta jina la kwanza. Aliyaandika yote mawili, na katikati akatia neno "dit", maana yake "aitwaye". Ndiyo maana kuna ukoo wa Miville dit Deschênes: hawa wakajiita Miville, hawa Deschênes, na damu ni moja. Taabu ilizuka kwa waliohamia Marekani baadaye, kwani akina Boisvert waligeuka Greenwood, na uzi wa zamani ukapotea machoni.

Siri ya tatu ndiyo iliyonigusa zaidi. Mwanamke hakunyang'anywa jina la babake. Kati ya 1663 na 1673, Mfalme Louis XIV aligharimia safari ya wanawake wapatao 770 waende wakaolewe huko. Waliandikwa kwa majina ya baba zao siku ya ndoa, na aghalabu hata siku ya maziko. Hati ya ndoa iliwataja wazazi wa pande zote mbili, mama pia. Na tangu mwaka 1981, sheria ya Quebec yamtaka mke abaki na jina lake la kuzaliwa.

Je, si hayo tuliyofunzwa chuoni? Sura ya Al-Ahzab, aya ya 5, yatuamrisha tuwaite watu kwa baba zao. Mabibi zetu waliitwa binti fulani hadi kufa kwao. Leo binti wa Kiislamu huolewa asubuhi, na jioni ashajiita kwa jina la mumewe, nasi twaona huo ndio ustaarabu! Mimi nilipotaka kuandika nasaba ya mamangu, nilikwama kwa nyanya yake. Hati niliyoipata yamtaja kuwa mke wa fulani, basi. Waliomjua babake wote wamekwisha kufa.

Sisemi kuwa Wafaransa hao walikuwa malaika. Mwanahistoria Marcel Trudel alihesabu watumwa zaidi ya 4,000 katika nchi hiyo, wengi wao wenyeji wa Amerika, na wengine Waafrika. Hao aghalabu waliandikwa kwa jina la ubatizo na la bwana wao. Baba zao hawakutajwa. Kalamu ile ile iliyomhifadhia mmoja nasaba yake ilimkatia mwenziwe. Sisi wa Pwani twajua uchungu wa jambo hilo.

Basi ndugu msomaji, usingoje karani. Nunua daftari leo, ukae na wazee wako kabla hawajaondoka. Andika jina, lakabu, baba na mama, na mama naye umwandike binti nani. Kisha toa nakala ya pili, uiweke kwa nduguyo.