Nusu ya Kisa cha Cuba

Kila nisomapo insha za wanafunzi wa shule za upili kuhusu Vita Baridi, hukutana na shujaa yule yule: Rais John Kennedy wa Marekani, aliyemtisha Nikita Khrushchev wa Muungano wa Kisovieti hadi akaufyata mkia.

Naam, vitisho vilikuwapo. Mnamo Oktoba 22, 1962, Kennedy alitangaza kwamba makombora ya nyuklia ya Kisovieti yalikuwa yakisimikwa nchini Cuba, na kwamba manowari za Marekani zingezuia silaha za mashambulizi zisifike kisiwani humo. Siku tano baadaye ndege ya kijasusi ya Marekani ilitunguliwa juu ya Cuba, rubani akafa. Hapo kitisho kilikuwa kimefika ukingoni, kwa maana anayetishwa asipoachiwa mlango wa kutokea hana budi kupigana.

Mlango huo ulifunguliwa usiku ule ule. Robert Kennedy, nduguye Rais, alikutana na Balozi Anatoly Dobrynin. Alimwahidi kuwa Marekani haingeivamia Cuba, na kwamba makombora yake ya Jupiter yaliyokuwa Uturuki, yakiielekea ardhi ya Kisovieti, yangeondolewa baada ya miezi michache. Ahadi hii ya pili ilikuwa na sharti: isitamkwe hadharani. Kesho yake Khrushchev akatangaza kuyaondoa yake. Kufikia mwisho wa Aprili 1963, yale ya Uturuki nayo hayakuwapo.

Siwalaumu kwa kuafikiana, waliepusha maangamizi. Ninachokilaumu ni ile siri. Khrushchev alionekana ameshindwa, na alipong'olewa madarakani mnamo Oktoba 1964, suala la Cuba lilikuwa miongoni mwa lawama alizotwikwa. Huko Washington nako, wengi walilishwa imani kwamba ukali peke yake hushinda. Ilipofika 1989, Theodore Sorensen, mwandani wa Kennedy, alikiri kwamba alipohariri kumbukumbu za Robert ili zichapishwe, alifuta maneno yaliyoonyesha kuwa makombora ya Uturuki yalikuwa sehemu ya maafikiano. Ndiyo nusu ambayo insha zetu zingali zinaikosa, ndugu walimu, ilhali imekwisha kujulikana miaka yote hii.

Wala mwanafunzi asimsahau Fidel Castro. Nchi yake ndiyo ingeteketea kwanza, lakini wakubwa walipoafikiana hawakumshauri. Alighadhabika, akawakataza wakaguzi wa Umoja wa Mataifa kukanyaga Cuba.